Majani ya Boga la Mzee Wilf

Sisi Watanzania wa London tukikutana kwenye ubatizo au msiba, chai ikishapita mara ya pili, watu huanza kusimuliana utoto. Huyu alicheza kombolela Magomeni, yule aliogelea mtoni Morogoro, mwingine alichapwa kwa kuiba miwa ya mwalimu. Mimi hukaa kimya natafuna sambusa. Enzi zangu hazikuwa na vumbi wala joto. Zilikuwa na matope, kondoo, na mvua nyembamba isiyo na haraka, katika kijiji kimoja cha Uingereza ambacho jina lake lilikuwa refu kuliko barabara yake.

Leo nimeamua kusema. Ninyi ambao mama zenu waliletwa huku kwa kazi ya unesi, wakapangiwa hospitali za mashambani ambako hata kupata mchele wa maana ilikuwa safari ya mabasi mawili, mtanielewa. Wengine mtanivumilia.

Kijiji chenyewe kilikuwa na barabara moja, kanisa moja la mawe, duka moja ambalo ndilo hilo hilo posta, na kibanda chekundu cha simu ambamo kila Jumapili mama alisimama kuongea na mjomba Dar dakika tatu. Nyuma ya nyumba vilipanda vilima vya kijani, vimekatwakatwa na kuta za mawe, na kondoo wametapakaa mpaka macho yanachoka. Asubuhi ukungu ulijaa bondeni hadi saa nne. Ulikuwa unasikia ng'ombe wakikohoa pale pale karibu na huwaoni. Maziwa yaliachwa mlangoni alfajiri, kwenye chupa zenye kifuniko laini cha karatasi ya fedha, na ukichelewa kuamka unakuta videge vya bluu vimetoboa kifuniko na kunywa malai yote ya juu. Mama alivitukana videge hivyo kwa Kiluguru. Mpaka leo sijui alikuwa anaviambia nini, na nilipomuuliza nilifukuzwa jikoni.

Shule ilikuwa na vyumba viwili. Nilikuwa mweusi peke yangu, kwa hiyo wiki ya kwanza walinigusa nywele, wiki ya pili wakachoka, wiki ya tatu nikawa mtu wa kawaida anayechukiwa kwa sababu za kawaida, kama vile kushinda michezo. Majani yakianza kupukutika tuliokota mbegu za ule mti mkubwa wa kanisani, kubwa, za kahawia, zinazong'aa. Tulizitoboa, tukapitisha kamba ya kiatu, mmoja ananing'iniza yake na mwenzake anaipiga kwa yake mpaka moja ipasuke. Wajanja walizilowanisha kwanza kwenye siki zikawa ngumu. Mimi nilikuwa mjanja. Tulikula matunda meusi ya miiba kando ya njia mpaka midomo ikawa zambarau. Tulitupa vijiti mtoni upande huu wa daraja, tukakimbilia upande wa pili kuona cha nani kimetangulia. Wanangu nikiwasimulia hayo wananitazama kwa huruma. Halafu? wananiuliza, kwa Kiingereza, maana Kiswahili wanakisikia lakini mdomoni hakitoki. Halafu unarudia, mwanangu. Hakuna halafu.

Baba alikuwa anasoma chuo mjini, akija Jumamosi na kuondoka Jumapili. Siku nyingine tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Na mama, niseme ukweli, alikuwa mpweke. Watu hawakuwa wabaya. Walimsalimia vizuri, wakasifu hali ya hewa, kisha wakaingia ndani na kufunga milango. Hakuna aliyewahi kupita kwetu na kuketi. Huko kuna desturi ya kuweka mayai getini pamoja na kopo la hela, unachukua mayai, unaacha hela, unaenda zako. Mama hakuiweza. Kuchukua kitu cha mtu bila mwenyewe kutokea? Alisimama getini akipiga hodi, hodi, hodi, mpaka mwenye kuku akatoka na viatu vya ndani kuuliza nani kafa.

Alinilea hivyo hivyo. Alikuwa na neno lake kila aliponituma: "Ukitumwa neno, lifikishe lilivyo. Usiongeze chumvi, na lisilale kwako." Nilitumwa dukani, nilitumwa posta, nilitumwa kwa jirani, na maneno yote niliyafikisha, kila moja lilivyo. Isipokuwa moja, na ndilo linalonifanya niandike.

Jirani yetu alikuwa Mzee Wilf. Alikuwa mgane, tarishi mstaafu, mwenye koti moja la msimu wote na kofia aliyoivua hata akiongea na kabichi. Bustani yake na ua wetu vilitenganishwa na ukuta wa mawe uliofika kifuani kwangu. Kutoka ukuta ule mpaka mlango wa jiko letu zilikuwa hatua kumi na mbili, nilizihesabu mara nyingi nikirukaruka. Yeye ndiye mtu pekee aliyempenda mama waziwazi. Nilimfundisha kwamba mtu akisema hodi unamjibu karibu, akalishika. Mama akipiga hodi ukutani, sauti ya kizee inatoka huko kwenye maharage, imepinda lakini imefika: karibu. Mama alikuwa anatabasamu kabla hata hajamwona.

Kila Septemba kijiji kilikuwa na maonyesho ukumbini. Watu walileta vitunguu, karoti, jamu na keki, vikapangwa mezani kwenye vitambaa vyeupe, na bwana mmoja mwenye tai akapita akipima na kuonja kwa uso wa jaji wa mahakama kuu. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa boga zito zaidi. Miaka mingi Mzee Wilf alikuwa anashika nafasi ya pili nyuma ya fundi mmoja wa matrekta, na hilo lilimkera kuliko alivyokubali kusema. Mwaka niliotimiza miaka minane, boga lake lilikuwa si la kawaida. Nililikumbatia mikono haikukutana. Aliliwekea samadi ya kondoo, alilifunika gunia usiku, na haki ya nani, alilinywesha bia.

Siku moja aliniita nilione, akachuchumaa, akanishika bega. "Neema," akasema, "unayaona majani haya? Haya ndiyo midomo ya boga. Ukikata jani, boga linashinda na njaa. Usiguse hata moja." Nikamwahidi.

Wiki tatu kabla ya maonyesho alikwenda kwa dada yake pwani, siku tano. Kabla ya kuondoka alimwambia mama pale ukutani, "Ingia bustanini, Mama Neema, uchukue chochote. La sivyo vitaoza." Na alimaanisha. Nyanya zilikuwa zinapasuka, maharage yananing'inia, mamumunye madogo yamelala chini kama watoto waliokataa kuamka.

Sasa sikilizeni mama yangu alivyokuwa. Siku mbili aliingia na kikapu na kutoka na kikapu kitupu. Nyanya hakuthubutu, ni jasho la mzee. Maharage hakuthubutu, kayapanga vizuri mno. Siku ya tatu, Jumamosi, akaona majani ya boga. Kwetu nani anaulizia majani ya boga? Boga likiota hata jalalani, jirani anachuma, na ukichuma ncha unalisaidia lichipue. Boga lenyewe ndilo mali, majani ni ya kila mtu. Kwa hiyo kwa adabu yake, kwa kuona haya kuchukua kilicho cha mtu, akachagua kitu ambacho alidhani hakina thamani kwa yeyote.

Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta. Nilimwona anainama kwenye jani la kwanza, na mdomo wangu ukafunguka kumwambia. Ndipo akaanza kuimba. Tangu tushuke ndege, mwaka mzima na zaidi, sikuwa nimemsikia mama akiimba. Alikuwa akiimba kila siku kwetu, akifua, akisonga ugali, akinisuka, halafu tukaja huku akanyamaza, na mimi nilidhani sauti imebaki uwanja wa ndege pamoja na mizigo iliyozidi kilo. Sasa alikuwa ameinama kwenye bustani ya Mzee Wilf, anachagua machanga, anaimba. Nikafunga mdomo. Nilijiambia machache tu hayana neno. Alijaza kikapu.

Akayapika kwa kitunguu, nyanya ya kopo na siagi ya karanga kutoka duka la Bi Joan, na ugali wa unga wa semolina, maana sembe hatukuwa tumeiona. Baba alikula, akafuta macho, akasingizia pilipili. Pilipili haikuwepo. Nami nilikula, nisiwadanganye, nililamba vidole.

Jumatatu asubuhi mama akachuma mengine, ya kumpikia mwenyewe akirudi. Mchana Mzee Wilf akarudi. Tulimwona kupitia dirisha la jikoni, amesimama mbele ya boga lake, kofia mkononi, muda mrefu. Shina lilikuwa tupu. Mama akasema, "Anafurahi, nimempalilia." Akafunika bakuli kwa kitambaa, akanishika mkono, tukaenda.

"Hodi."

Ilichukua muda. "Karibu," akasema.

Mzee akafunua kitambaa, akauliza ni nini. Mama akamjibu kwa fahari, amesimama wima na sare yake ya kazi, "Majani ya boga lako." Mzee Wilf alinitazama mimi. Mara moja tu, kisha akaacha. Akageuza ndoo, akaketi juu yake, akala bakuli lote mpaka chini, akasema ni tamu sana, asante.

Kesho yake Bi Joan wa dukani, bila nia mbaya, alimweleza mama habari za maonyesho, na boga, na kwa nini majani. Nilirudi kutoka shule nikamkuta mama kwenye ngazi za ndani, koti hajavua. "Nimemlia mzee wa watu jasho lake la mwaka mzima," akasema. Pale ndipo ningesema kwamba nilijua. Nilikwenda kufanya hesabu za shule.

Mama alienda kuomba radhi mara tatu. Mara ya kwanza peke yake. Mara ya pili na keki. Mara ya tatu amevaa kitenge cha heshima, baba yuko pembeni kama shahidi, mambo yote kama yanavyotakiwa, akingoja neno moja tu, kwamba yameisha. Mzee Wilf kila mara alisema mvua hii itaharibu nyanya. Watu wa kijijini kule wana namna yao ya kusamehe, hawasemi kitu, wanaendelea kama vile halikutokea. Kijiji kizima aliwaambia majani yameliwa na konokono. Siku ya maonyesho boga likashika mkia, limesinyaa, na watu wakampa pole ya konokono, huku mama amesimama karibu na meza ya jamu hawezi kuinua kichwa. Kwake, kila mtu aliyetaja konokono alikuwa anamtaja yeye. "Hajanisamehe," alimwambia baba. "Aliyesamehe husema." Akaacha kupiga hodi pale ukutani. Na majani ya maboga akaapa hatayapika tena.

Mwaka uliofuata Mzee Wilf akapanda maboga mawili. Moja mahali pa siku zote. La pili akalipanda chini ya ukuta wetu, akaelekeza matawi yake yanayotambaa yapite juu ya mawe, yaangukie upande wetu. Alasiri moja narudi kutoka shule, akaniita. "Neema, lile la ukutani ni la mama yako. Mwambie achume majani yote anayotaka. Hili lingine tu aniachie." Akacheka kidogo. "Utamwambia?"

Nikasema ndiyo.

Hatua kumi na mbili. Nilifika mlangoni, mama yuko jikoni anakatakata karoti, nikaanza kuogopa. Nikimwambia, atakwenda kushukuru. Akienda kushukuru, wataongea. Wakiongea, mzee atasema, lakini mtoto nilimwonya. Na mama atajua kwamba nilikaa juu ya ukuta nikamwangalia anajiaibisha. Nikajiambia kesho. Kesho nikajiambia kesho.

Majani yalivuka ukuta msimu wote wa joto, makubwa, mabichi, ya kutosha kijiji kizima. Mama akianika nguo aliyasukuma kwa kiganja, polepole, yarudi upande wa mzee. "Ananipima," alisema. Oktoba ikaja baridi ya usiku mmoja, asubuhi yote yamekuwa meusi, yamelegea juu ya mawe. Nilimwona Mzee Wilf akiyang'oa. Hakutazama dirisha letu. Tangu siku hiyo alitusalimia vizuri, akasifu hali ya hewa, na akaingia ndani na kufunga mlango. Mwaka mmoja baadaye mama akapata kazi London, tukahama. Kadi ya Bi Joan ndiyo iliyotuletea habari kwamba mzee amefariki.

Sasa tuko Queensbury, huku huku London, mama amevuka themanini, anakaa nami. Ukishuka Kingsbury Road unapata kila kitu, bamia, mihogo, mchicha, na majani ya maboga yamefungwa mafungu kwa mpira. Mama huyapita kama hajayaona. Miaka yote hiyo hajayapika, na wajukuu wakiuliza huwasimulia kisa cha mshamba mmoja kutoka Morogoro aliyekula tuzo ya mzee wa Kizungu. Wanacheka, naye anacheka, ila kicheko chake hukatika kabla ya chao.

Jumamosi iliyopita binti yangu aliyanunua mwenyewe, kwa sababu kaona mtu anayapika kwenye simu. Siku hizi mtoto hawezi kuchemsha yai bila mgeni kumwonyesha kwenye kioo. Akayaweka mezani, akamwomba bibi amfundishe. Bibi akayasukuma kwa kiganja, polepole, vile vile kabisa. "Mimi sipiki hayo." Akaanza tena, basi palikuwa na mshamba mmoja.

Nilikuwa naosha vyombo. Nikafunga bomba.

"Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

Nikamwambia. Mzee alinionya, niliahidi, nilikuwa juu ya ukuta, nilinyamaza. "Ulikuwa unaimba," nikasema. "Sikutaka uache."

"Nani alikuwa anaimba? Mimi?" Alinikazia macho, na hasira ikapanda, hasira yake ile ya wodini. "Yaani umeniacha miaka yote hii najiita mwizi mbele ya wajukuu zangu, na wewe unasimama hapo unaosha sahani."

"Ndiyo, mama. Na kuna neno nililotumwa."

Nikalisema lilivyo, kwa Kiingereza cha kijijini cha Mzee Wilf, bila chumvi. Lile la ukutani ni la mama yako. Achume majani yote anayotaka.

Mama aliyatazama majani pale mezani. Friji ikawaka, ikazima. Nilikuwa nangoja anitukane, ningeshukuru.

"Kwa hiyo aliyaona yanaganda," akasema mwishoni.

"Aliyaona."

"Akajua nimekataa."

"Nadhani hivyo, mama."

"Mzee wa watu," akasema. "Mzee wa watu." Akalia mbele ya mjukuu wake, jambo ambalo hata kwenye msiba wa baba hakulifanya. Binti yangu aliyekuwa amefuata nusu ya maneno akaniuliza kwa Kiingereza nimemfanya nini bibi.

Baada ya muda mama akafuta uso kwa pindo la khanga, akavuta lile fungu, akakata mpira, akachukua jani moja, akavunja kikonyo na kushusha uzi wake mpaka chini. "Njoo," akamwambia mjukuu. "Unaanzia hapa. Vuta taratibu, usichane." Tukakaa watatu tukamenya. Hakuimba, na sikumwomba.

Siku hizi majani ya maboga yapo mwaka mzima, hata theluji ikianguka, na wanangu ujumbe wao unafika ng'ambo ya dunia kabla hawajainua kidole. Enzi zetu neno lilitegemea miguu ya mtoto. Nami nilipewa hatua kumi na mbili tu za kutembea, na Mzee Wilf alikuwa pale bustanini, kofia mkononi, anangoja kusikia hodi.